Mpaka Uliotaka Kula Jiko la Mama

Korongo lililochimbwa na maji ya mvua lilikuwa limebakiza hatua chache tu lifike jiko la mama, na jamaa zangu walikuwa bado wanabishana kuhusu mpaka. Mimi hasira zangu ziko karibu, kijiji chetu kizima cha Bokoli kinajua, na siku hiyo sikuzificha.

Kwetu shamba hugawanywa kwa urefu, kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, ili kila mwana apate maji. Baba alipata ukanda wake, baba mdogo akapata wa pembeni. Katikati wakachimba mfereji wa mpaka, na kila msimu pande zote mbili huusafisha kwa jembe, jirani asije akasema ati umemsogelea. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Mfereji unaoshuka kilima moja kwa moja, usio na hata jani moja la nyasi, maji yatake nini tena? Baba alipofariki ulikuwa unanifika magotini. Sasa umekuwa korongo, ng'ombe angeweza kupotelea humo.

Nilimwambia mama aje tuishi Kitale, chumba kipo, na mwenye lori nimeshaongea naye. Alinitazama kama niliyemtukana. Baba amezikwa pale nyuma ya nyumba, amwachie nani? Lakini kesho yake nilimkuta anapanga sufuria zake kwenye gunia. Moyo uliniuma. Afadhali angenigombeza.

Kazi yangu ni kufundisha jiografia. Kila mwaka naeleza darasani jinsi bara linavyopasuka: nchi inavutwa huku na huku, inakatika, bahari inaingia palipokatika, na ukingo uliobaki unainuka kama ukuta. Wanafunzi hudhani mambo yameishia hapo. Wapi! Hapo ndipo mvua na mito huanza kazi. Maji hutafuna miguu ya ule ukuta, sehemu ya juu inakosa pa kusimama, inaporomoka, na ukuta unarudi nyuma kuelekea bara, pole pole, ukiacha tambarare mbele yake. Na sisi nyumbani tulikuwa tunamwaga mawe juu, kwenye kichwa cha korongo, huku lenyewe linatula kutoka chini!

Dawa niliijua: kuziba mfereji kuanzia chini, kisha kuchimba matuta ya kukingama yatakayovuka mashamba yote mawili. Baba mdogo akakataa katakata. Mpaka ukifukiwa, alisema, sisi wazee tukiondoka watoto watakatana mapanga. Si mtu mbaya, ila kichwa chake kigumu, na changu pia.

Basi Jumamosi moja nikawachukua yeye na mama hadi chini ya ule ukuta wa mawe, genge lililo juu ya mji wa Webuye. Bahari iko mbali na sisi, lakini kazi ni ileile: ardhi ilivunjika, upande mmoja ukabaki juu, maji yakaanza kula. Nikamwonyesha baba mdogo mawe makubwa yaliyolala katikati ya mahindi ya watu, mbali kabisa na ukuta, nikamuuliza yalifikaje pale. Akayatazama, akautazama ukuta, akarudia mawe. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba lazima zamani ukuta ulikuwa hapa tuliposimama.

Mama, ambaye kwa adabu zetu haongei sana mbele ya shemeji yake, ndiye aliyemjibu.

"Shemeji, huo mpaka tunalinda umekula kwangu, na kwako pia umekula. Tukiendelea kuulinda, hao watoto watagawana nini?"

Njia nzima ya kurudi baba mdogo alikuwa ameshika kofia mkononi. Tulipofika nyumbani akachukua jembe, akashuka hadi mwisho wa mfereji, akawa wa kwanza kuufukia.

Tulifanya kazi likizo nzima. Chini tulipanga mawe na kupanda nyasi za nepia zishike udongo. Juu tukachimba mitaro ya kukingama, udongo tukiurusha upande wa juu, ile inayoitwa fanya juu, bila kuuliza tumeingia kwa nani. Mpaka tukauonyesha kwa mikonge michache, kila tuta na mkonge wake, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeipanda.

Mvua ya kwanza ilinikuta darasani Kitale. Mabati yalipiga kelele nikashindwa kufundisha. Nikapiga simu nyumbani, haikushika. Nilikaa na roho mkononi hadi asubuhi, mama aliponipigia mwenyewe huku anacheka.

"Maji yamekuja, yakalala kwa matuta. Korongo halijaongeza hata kidole."

Nilipiga kelele katika ofisi ya walimu, na wala sikuona haya. Nilipotulia nikamsikia bado yuko kwenye laini.

"Huyo mtu wa lori mwambie asikuje," alisema. "Na wewe Jumamosi kuja ukule. Nimetoa sufuria kwa gunia."