Bati la Kuzibia Kioo

Barua ya bima ilimfanya Tusekile aongee peke yake njia nzima, kuanzia posta ya Tukuyu mpaka Makandana, watu wakigeuka kumwangalia. Ilisema gari lake "lilibadilishwa umbo bila kampuni kuarifiwa, na halikuwa salama barabarani," kwa hiyo madai yake yamekataliwa. Bila kuarifiwa! Mtu aliyemuuzia hiyo bima alilizunguka gari mara mbili na kuligonga lile bati lililoziba kioo cha nyuma kwa kidole chake mwenyewe.

Pikapu ile aliinunua mwaka tisini na nane, wakati kila aliyekuwa na kitu mfukoni anaagiza gari lililochoka kutoka Japani. Aliinunua kwa ndizi. Miaka kumi alikuwa akipanda malori ya watu kutoka Lufingo hadi Mbeya, amekaa juu ya mikungu yake, mvua yote yake. Sasa akawa na gari lake mwenyewe, na mumewe Jairo ndiye dereva. Taabu ilianza siku ya kwanza walipompeleka baba mkwe, mzee Isakwisa, hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Mzee alikaa mbele na mwanawe, Tusekile akakaa nyuma na ndizi, na kati yao kulikuwa na kioo.

Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hamtazami baba mkwe. Anamtila, ndivyo wanavyosema nyumbani, yaani anamwogopa kwa heshima na kumkwepa. Tusekile alikuwa ameolewa miaka kumi na minane, na kwa miaka yote hiyo yeye na mzee waliishi kiwanja kimoja bila kuonana uso kwa uso. Mzee alikuwa na njia yake migombani, Tusekile na yake. Mzee alipokaribia alikohoa, na Tusekile alipokisikia kikohozi alijifunika kanga akapisha. Chakula cha mzee alikipika yeye, Hellen binti yake akakipeleka. Wapo kanisani waliomwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Aliwajibu kwamba hakumbuki kuwaomba ushauri.

Safari ile ya kwanza alikwenda amelala kifudifudi juu ya mikungu, kanga imemfunika mpaka visigino, ili mzee akigeuka asimwone. Kila shimo la barabara alilipokea kwa mbavu. Kesho yake gari lilikuwa Bagamoyo, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, kwa fundi Ackson.

"Kioo hiki ukizibe," alimwambia. "Kizibe kabisa."

Ackson alikata bati nene akalichomelea mgongoni mwa kabini, kisha akaunda benchi na fremu ya turubai. Kazi safi. Wanawake wawili wa sokoni walikuja kuliangalia, wakamuuliza fundi waume zao nao wangetozwa kiasi gani kwa bati kama hilo.

Jairo ndiye aliyenung'unika, kwa kuwa hakuona tena nyuma. Siku moja alirudi kinyumenyume akaiangusha meza ya maparachichi ya mama wa watu. Tusekile aliyaokota maparachichi, akaomba radhi, na wiki hiyo hiyo akanunua vioo vipana vya pembeni kama vya malori. Hakujidanganya. Alijua bati lina ubaya wake, na kwa sababu hiyo, wakala wa bima alipofika, alimwonyesha kabla hajaulizwa.

Wakala huyo, Meshaki, alikuwa wa kampuni mpya iliyofungua ofisi Mbeya baada ya biashara ya bima kuachiwa watu binafsi. Alivaa tai kwenye vumbi la Bagamoyo, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya barabara. Siku ile Jairo alikuwa amekwenda kuziba tyubu. Mzee Isakwisa alikuwa amekaa mbele ndani ya gari, akisubiri kurudishwa nyumbani. Tusekile alimvuta Meshaki hadi nyuma kabisa ya gari na kumweleza kwa sauti ya chini bati ni la nini.

"Mama Hellen!" Meshaki alicheka, akalipiga bati kwa kidole. "Hii ni heshima, siyo kasoro. Hiyo nafasi ya kuuliza kama gari limebadilishwa nakujazia 'Hapana', isije ikatuchelewesha. Bima kubwa hii, hata mti ukikuangukia unalipwa."

Aliijaza fomu yote mwenyewe. Tusekile akaweka sahihi pale alipoonyeshwa.

Na mti ukaangukia gari, kana kwamba uliagizwa. Ilikuwa Aprili, mvua ya siku tano mfululizo, pikapu imesimama karibu na hospitali Makandana, haina mtu ndani. Mkaratusi uling'oka na kulala juu ya boneti. Rejeta ilipasuka, kioo cha mbele kikawa chengachenga. Bati la nyuma halikupata hata mkwaruzo.

Sasa mwambie mtu kwamba gari halilipwi kwa sababu dereva hawezi kuona nyuma! Mti ulitoka mbele, na dereva alikuwa amejikinga mvua barazani. Tusekile alimfuata Meshaki akamwambia hivyo hivyo.

"Mama, karatasi inasema gari halijabadilishwa," Meshaki alijibu bila kumtazama. "Sahihi ni ya kwako."

"Na mkono ulioandika 'Hapana' ni wa nani?"

"Mimi hukunionyesha bati lolote."

Hapo ndipo hasira ilipomkaa. Wangesema bati ni la hatari, angebishana kidogo kisha akubali. Lakini mtu mzima mwenye tai kumfanya yeye mwongo! Gari lilikuwa limelala kwa Ackson, ndizi zinaivia migombani, na watu wa sokoni Mbeya walikuwa wameshaanza kununua kwa wengine. Likikaa hivyo hadi mwisho wa mwaka, angerudi juu ya malori ya watu.

Alikwenda Mbeya kwa meneja. Meneja alimsikiliza, kisha akauliza kama yupo shahidi aliyekuwepo siku ile fomu ilipojazwa. Alikuwepo mmoja tu.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa mabasi mawili. Jairo na baba yake walipanda la kwanza, Tusekile la pili. Ofisi ya meneja ilikuwa chumba chenye meza na viti vinne, hakuna pazia, hakuna kona. Mzee alikuwa ameshakaa, na Meshaki pia. Tusekile aliingia amejifunika kanga, akasimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, karibu kiti," meneja alisema.

"Nitasimama hapa hapa, baba."

"Maelezo yako nitayaandikaje wakati sikuoni?"

Meshaki aliinama kwa bosi wake. "Unamwona? Mwenye haki yake anaficha uso?"

Walikuwa wamemnyima gari lake kwa ajili ya heshima hiyo, na sasa wanaitumia kumwita mwizi. Akaishusha kanga mabegani, akageuka.

Mzee Isakwisa alikuwa mwepesi kuliko yeye. Alivua kofia yake ya kanisani na kujifunika nayo uso, kuanzia paji mpaka kidevu, akatulia hivyo kitini.

"Uliliona bati!" Tusekile alimwambia Meshaki, na sauti yake, ambayo mkwe wake hakuwahi kuisikia ikipanda, ilijaa chumba. "Nilikuonyesha mimi. Ukacheka, ukaligonga. Ukasema ni heshima, siyo kasoro, na nafasi ile unanijazia 'Hapana'. Mkitaka bati litoke, litatoka, nami nitapanda basi. Lakini hutanifanya mwongo mbele ya mzee wangu!"

Sauti ikatoka nyuma ya kofia, ya taratibu, yenye lafudhi nzito ya nyumbani.

"Alisema hivyo, huyu mwenye tai. Nilikuwa ndani ya gari. Niliyasikia yote, hata cheko lake."

Meneja alimtazama Meshaki. Meshaki alikuwa akitazama viatu vyake.

"Asante, mzee," meneja alisema, akafungua kalamu. "Sasa toa kofia, tuandike vizuri."

"Wewe andika, bwana," mzee alisema, na kofia haikusogea. "Andika kwamba mkwe wangu alisema kweli, na gari lake lilipwe. Kofia nitaitoa akishatoka."