Mstari wa Mahindi Nyuma ya Jiko

Jumapili, mwezi wa tatu. Usiku kucha ilikuwa ngurumo tupu upande wa ziwa, na alfajiri mvua ikashuka, kubwa, ya kwanza tangu kiangazi kiingie. Kufika saa nne ilikuwa imekatika, jua limetoka, na udongo unanukia kama chungu kipya kilichotiwa maji mara ya kwanza. Binti yangu mkubwa alisimama mlangoni akauliza mbona hatupandi, na majirani wengine hapa Sori wameshashika majembe. Nikamwambia tunamngoja nyanya yake, mama ya baba yake, apande kwanza. Akasema, "Na mvua ikiisha je?" Mimi ndiye mwalimu wa watoto wangu, nawafundisha hapa hapa nyumbani, na swali kama hilo linanikumbusha kwamba shule yenyewe niliiacha kidato cha pili. Basi nikaketi na kikombe cha chai, nikajikuta nafikiria msimu mmoja wa mvua nilipokuwa mdogo, wakati mama yetu alipotufundisha nyumbani mimi na kaka yangu Okoth, na ilibaki kidogo tu azuiwe.

Tulikaa upande wa Macalder. Baba alichimba dhahabu, akawa anarudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijatua, kwa sababu sisi ni Wasabato, na Jumapili anarudi kazini. Okoth alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa seli mundu, ingawa wakati ule tuliuita tu ugonjwa wa mifupa. Akinyeshewa au akipigwa na baridi, maumivu yanamshika miguuni na mgongoni mpaka analia bila sauti. Shule ilikuwa mbali na kuna mto wa kuvuka. Nisiwaonee walimu, walikuwa wachache, darasa limejaa, na mtoto anayekuja leo na kukosa wiki nzima ni vigumu kumfuatilia. Lakini Okoth alikuwa anarudi nyumbani haelewi kitu. Ndipo mama akasema masika hayo tutabaki nyumbani sote wawili, mimi nikiwa mwenzake wa darasa. Baba alikubali kwa shingo upande. Alisema, "Tuone kwanza."

Darasa letu lilikuwa ukuta wa jiko. Mama aliusiriba upya kwa udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, akaupiga mkono mpaka ukawa laini, na chaki yetu ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Ukiandika unasikia harufu ya unga. Tulisoma Kiswahili kwenye magazeti ya zamani aliyofungia baba sabuni, na tukijikwaa mama hakukasirika, maana na yeye alikuwa anajikwaa. Alikuwa akifika kwenye neno gumu anacheka, anasema, "Hili nalo limenishinda, tulirukeni, tutalirudia likiwa limechoka." Sijui kama ni njia nzuri ya kufundisha. Najua tu kwamba Okoth alicheka, na mtoto yule kucheka mbele ya maandishi ilikuwa jambo geni.

Hesabu ndiyo iliyoleta matata. Mama alitaka tuelewe kuzidisha, na maneno yalikuwa yamemwishia. Siku moja baada ya manyunyu ya mapema akatupa mahindi kwenye kikombe, akatupeleka nyuma ya jiko, akatuambia tupime kwa shubiri. Shubiri mbili, shimo. Shubiri mbili, shimo. Kila shimo punje mbili. Tulichimba kwa kijiti, Okoth ameketi kwenye kigoda akisogezwa mstari hadi mstari, anaita namba kama kondakta. Tulipomaliza, tuliweza kusema bila kuhesabu tena kwamba mistari mitatu ya mashimo saba ni mashimo ishirini na moja. Mama alipiga makofi. Nadhani hata yeye alikuwa ameiona hesabu hiyo kwa macho kwa mara ya kwanza.

Sasa, kwa yule asiyejua, kwetu mama mwenye boma ndiye anayetoa mbegu. Mpaka yeye apande, mke wa mtoto wake hapandi hata punje. Bibi yetu, mama ya baba, ambaye tulimwita Dani kama Waluo wote wanavyomwita nyanya, alikuwa hajapanda. Alisema manyunyu yale ni ya uongo, mvua yenyewe bado. Mama alijua mila hiyo vizuri sana. Alikuwa ameolewa hapo miaka mingi. Ila alijiambia ile ni hesabu, si kilimo, na kwamba tungezifukua punje jioni. Jioni Okoth akashikwa na homa kidogo, tukasahau. Wiki ikapita. Kisha nyuma ya jiko pakatokea majani mabichi, mistari mitatu imenyooka kuliko shamba lolote la boma lile.

Dani alikuja kuomba chumvi. Alipita nyuma ya jiko, akasimama. Sisi tulikuwa ndani tunasoma, tukasikia fimbo yake imeacha kugonga chini.

"Nyar Kosele," alimwita mama kwa kwao, binti wa Kosele, kama alivyomwita siku zote. "Toka nje. Nani amefungua shamba la boma hili nikiwa hai?"

"Mama, ilikuwa hesabu ya watoto."

"Hesabu inaota majani?"

Dani hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema, "Umenizika na bado nakunywa uji. Shule ina mwalimu wake. Hapa ni nyumbani. Baba yao akija Ijumaa atawarudisha watoto huko, nawe utabaki na jiko lako." Akaondoka bila chumvi.

Mama aliyang'oa mahindi yote mwenyewe, amepiga magoti, hatukuruhusiwa kumsaidia. Usiku hakula. Okoth aliniuliza kitandani kama mto ungekuwa umejaa wiki ijayo, na nilijua kwa nini anauliza. Mimi nilimchukia Dani, nakiri, lakini leo nikipima naona hakuwa mkatili. Kwake watu wangesema ameshakufa mkononi mwa mke wa mwanawe, na boma linalopindua mpangilio huo hupatwa na mabaya. Aliogopa kwa ajili yetu. Na mama pia hakuwa na kiburi. Alifurahia somo hadi akasahau alipo. Wote wawili walikuwa na haki, na kibaya ni kwamba kila mmoja aliijua haki yake tu.

Alhamisi mvua ya kweli ikaja. Mama alikuwa ameenda sokoni, mimi na Okoth tukalowa tukikimbiza mbuzi, na kabla ya saa sita maumivu yakamshika. Nilikimbia kwa Dani kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ukweli ni kwamba Dani alikuwa hajawahi kumwona akiumwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mara zote mama alifunga mlango, akiona aibu, watu wasije wakasema vibaya. Dani akaingia, akamwona mtoto amejikunja, meno yameuma kona ya blanketi. Aliacha fimbo mlangoni. Akachemsha maji, akalowesha vitambaa, akamkanda miguu, akamnywesha maji kidogo kidogo, akimwita "babangu, babangu," kwa sababu Okoth alipewa pia jina la baba yake Dani. Mama alipofika akiwa amelowa chapachapa, alimkuta mkwewe ameketi chini, miguu ya Okoth iko mapajani mwake.

Dani aliuliza, "Kila mvua huwa hivi?"

"Karibu kila mvua, mama."

"Na ulikuwa unamvusha mto?"

"Ndiyo maana nilimkataza kwenda."

"Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani unawaficha watoto wasifanye kazi." Halafu, akiendelea kumkanda Okoth, "Nyar Kosele, una mdomo mzuri wa kufundisha, lakini wa kueleza huna."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja.

Ijumaa baba alipoingia, habari ameshazipata njiani, tayari kusikia mashtaka, Dani ndiye aliyeanza. Alisema huyu mtoto hatavuka mto masika haya, asome hapa na dada yake, na atakayesema vingine aje ambebe mgongoni yeye. "Lakini shamba," akasema, akimtazama mama, "nafungua mimi." Jumapili asubuhi akafungua. Tulimfuata nyuma, mama akiwa wa mwisho. Dani alipiga jembe, mimi nikatia mbegu, na Okoth, amevikwa koti la baba hadi magotini, akasimama ukingoni akiita, "Mistari minne ya kumi na mbili! Arobaini na nane!" Dani akamjibu bila kugeuka, "Ongeza ya ndege watakaokula, mwalimu." Tulisoma nyumbani hadi masika yalipoisha, kisha tukarudi shuleni. Okoth sasa anatengeneza simu Migori, anaumwa bado, ana watoto wawili, na anakokotoa kichwani kabla sijatoa simu yangu mfukoni.

Leo mimi nina vitabu, nina simu yenye masomo, ubao wa kweli umetundikwa ukutani. Nashukuru kwa hayo, na zaidi nashukuru kwa asubuhi ambazo watoto wangu wanne wananizunguka mezani na mimi pia najifunza, maana mengi ya darasa la sita nayasoma usiku kabla yao. Lakini mama mkwe wangu, mama mpole, hajawahi kusema neno kuhusu ninavyowafundisha, si zuri si baya. Anasalimia, anapita. Nimekuwa nikihesabu hiyo kuwa amani. Leo sina uhakika tena. Mama yangu aligombezwa, na kwa kugombezwa akapata mtu wa kumsaidia kubeba mzigo. Baada ya chai nilivuka uwanja, nikamkuta anachagua mbegu, nikamwomba aje kesho awaeleze watoto kwa nini wanamngoja, hata kama ataniambia nakosea. Akasema atakuja, na kwamba kwa kweli ana mambo kadhaa ya kuniambia.

Jioni tumekula ugali, omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa pamoja na nyanya mbivu, na mboga ya kunde. Mwanangu mdogo ndiye aliyesonga ugali kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na madonge, na tumeumaliza.