Masizi Ndani ya Kalamu

Kalamu iligoma kuandika. Msimamizi wa karakana akaitikisa kwa hasira, na wino ukatoka wote kwa mpigo, ukamwagikia paji la uso la mtoto wangu, aliyekuwa mgongoni mwangu akichungulia juu ya bega.

"Haya, huyu amebatizwa mara ya pili!" akasema, na mafundi wakaangua kicheko.

Sikucheka. Nilimnyang'anya kalamu ile, nikaiweka juu ya benchi, nikaipasua kwa patasi. Ndani ilikuwa nyeusi. Masizi matupu.

Karakana ilikuwa ya misheni, njia ya Kapsoit, nayo ilitengeneza kalamu za mti wa mzeituni wa porini kwa makarani wa mashamba ya chai. Mimi, binti wa watu waliohamia kutoka ziwani, niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kazi yangu ilikuwa kuchagua nibu, zile ncha za chuma za kuandikia, na wino. Huku Kericho mvua hainyeshi ikaisha. Karatasi zenyewe huwa na unyevu. Nibu nyembamba inazichana, nibu pana inafanya maandishi yavimbe. Nilichagua za katikati, kila moja nikiisugua ukuchani kwanza nisikie kama inakwaruza. Wino wa unga wa watoto wa shule niliukataa, maana tone moja la mvua linaufuta. Nikachukua ule wa buluu iliyokoza, usiotoka.

Na bado kalamu ziliziba. Makarani walizirudisha, na kila mara msimamizi alisema ni nibu zangu.

Fundi aliyetoboa mbao alikuwa mzee Mkipsigis, mwenyeji wa hapa, mtu mpole kabisa. Kwa vile wino ulimiminwa moja kwa moja ndani ya mbao, aliitengeneza kalamu kama wanavyotengeneza kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha: anachoma kijiti, anasugua makaa yake ndani mpaka mbao ing'ae. Ni kweli, kalamu haikuvuja. Lakini yale masizi yaliteremka na wino na kujaa kwenye nibu.

"Mzee, tupake nta ya nyuki badala ya makaa," nilimwambia, si mara moja.

"Mama, wewe ni mtu wa samaki," alinijibu akitabasamu. "Mambo ya kibuyu utanifundisha wewe?"

Kwa hiyo siku ile nilimwonyesha msimamizi vile vipande, na vidole vyangu vyeusi. Alivitazama. Nilidhani sasa yamekwisha.

"Hiyo ni desturi ya hapa, na haivuji," akasema. "Wewe akili yako iko kwa mtoto. Mwisho wa mwezi atakuja mwingine wa kuchagua nibu."

Chumba tulicholala kilikuwa cha kazi. Kazi ikienda, chumba kimekwenda. Mume wangu alikuwa ameondoka zamani na hakusema anakwenda wapi. Nilikaa mlangoni nikimsugua mtoto paji la uso kwa sabuni, yeye analia, mimi nalia, na ile buluu iko palepale. Sikuona mtu wa kumwendea. Ndipo nikaandika, bila tumaini lolote, na asubuhi nikampelekea mkononi mwenyekiti wa kamati ya misheni inayosimamia karakana:

"Kwa Kamati ya Karakana. Mimi, mchaguaji wa nibu na wino, nalalamika rasmi juu ya msimamizi. Ananifukuza kwa kosa lisilo langu. Kalamu zinazibwa na masizi, naye ameyaona kwa macho yake. Naomba kalamu moja ipakwe nta, ijaribiwe mbele yenu kabla sijatolewa chumbani na mtoto. Haya nimeyaandika kwa nibu niliyoichagua mimi, nimeifunga kwenye kijiti kitupu. Tazameni kama imeziba popote. Kuhusu wino, mtoto wangu nimekuja naye. Nimemwosha mara nyingi. Mtazameni usoni."