Miaka Sabini na Saba, Miezi Saba na Siku Saba

Mimi ni mtu wa hasira ndogondogo, na nyingi zinatokana na kazi iliyofanywa ovyo. Mtu akifunga bandeji vibaya, akimvalisha mzee soksi ikajikunja kisiginoni, damu inanipanda. Wenzangu wa hemtjänst, kazi yetu ya kuhudumia wazee majumbani hapa Stockholm, wananijua. Wakiniona naingia wanaanza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania mtakatifu.

Kwa miaka miwili nilikwenda kitongoji cha Fisksätra kila asubuhi ya zamu yangu kumhudumia mama mmoja wa Nepali. Alitoka Patan, mji wa kale wa Wanewari, akaja kuishi na mwanawe wa kiume na mkwewe baada ya kufiwa na mume. Majira yake ya kwanza ya baridi aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na kwenye kifundo cha mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kilichogoma kupona. Kazi yangu ilikuwa miguu. Naiosha, naikausha, naipaka mafuta, nafunga kidonda, halafu namvalisha zile soksi za kubana ambazo ukizivuta vibaya mzee anapiga ukelele hadi jirani asikie. Huo wa kushoto ulikuwa na ujanja wake: unaushika kwa chini, kisigino kinakaa kiganjani kama yai, na kifundo hukigusi.

Mimi nikihangaika na miguu, yeye alinisimulia mji wake. Kiswidi chake kilikuwa cha maneno matatu matatu, yaliyobaki aliyamalizia kwa mikono, na mkwewe alitusaidia kabla ya kukimbilia treni ya kwenda kazini. Mwaka wa kwanza haujaisha, nikawa naujua mji nisioukanyaga kuliko ninavyoijua Bredäng ninakoishi. Alfajiri, akiwa msichana, alitoka na sahani ya shaba yenye mchele, maua na unga mwekundu. Kwanza alisimama njia panda kwa mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye asiposalimiwa kabla ya wenzake ananuna. Kisha aliingia ua wa hekalu la Wabudha lililofunikwa kwa dhahabu, akaacha viatu vya ngozi mlangoni, na mle ndani kobe walijitembelea katikati ya miguu ya watu bila haraka yoyote. Baadaye aliukata uwanja wa jumba la wafalme, ambako mahekalu yamebanana na hakuna kipande cha mbao kilichoachwa bila kuchongwa. Alimalizia kwa Shiva, kwenye hekalu la mapaa matano. Siku moja nilimwomba mkwewe amuulize kama yeye ni Mhindu au Mbudha. Mama aliniangalia kana kwamba nimemuuliza mguu upi ni wake.

Lakini kilichomsahaulisha maumivu kabisa ni gari la mungu wa mvua. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, mungu huyo mwenye uso mwekundu anapandishwa kwenye gari la mbao lenye mnara wa mianzi na matawi mabichi unaopita mapaa ya nyumba. Wahindu wana jina lao la kumwita na Wabudha wana lao, na wote wanavuta kamba moja. Magurudumu yamechorwa macho. Mnara unayumba, watu wanatawanyika wakipiga kelele, na mwaka ambao mnara unaanguka, mji mzima unaogopa balaa. Kuna siku moja ambayo wanavuta wanawake peke yao, na mama hakuwahi kuikosa. Akifika hapo alinifungulia viganja nivione, ingawa alama za kamba zilikuwa zimeshafutika zamani.

Mwaka wa pili, mwanawe alinisubiri mlangoni. Aliniambia kwamba mwezi wa tano mama yake anatimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Kwao siku hiyo si ya kukata keki. Mtu aliyeufikia umri huo anafanyiwa ibada iitwayo janku: anapandishwa garini kama mungu wa sikukuu, watoto na wajukuu wanamvuta mitaani, na katika familia yao, akirudi mlangoni, binti yake ndiye anayemwosha miguu. Kuanzia hapo anahesabiwa miongoni mwa miungu, na watu wanamwinamia hadi paji la uso liguse miguu yake. Mumewe alifariki kabla ya kuufikia umri huo, kwa hiyo mama alikuwa ameingojea siku yake kwa hamu ya watu wawili.

Tatizo lilikuwa binti. Alikuwa mmoja tu, yuko Patan, na ombi lake la viza lilikuwa limekataliwa kwa mara ya pili. Tangu majibu yale yafike, mama alikuwa akisema bora ibada isifanyike.

"Nimemwambia mama kwamba mke wangu atamwosha," mwanawe alisema. "Hataki. Anasema kama si binti yake, basi ni wewe."

Nilisimama pale na mkoba wangu wa kazi begani. Mimi nimezaliwa Uvira, Kongo, nimelelewa kanisani, ninaimba kwaya, na Amri Kumi nilizijua kabla ya kujua kusoma. Nikamjibu kwa heshima zote: "Kaka, nitakuja. Nitavuta kamba, nitakula, hata kucheza nitacheza. Lakini kumwosha mungu miguu, hapana."

Kisha nikaingia ndani, nikachota maji ya vuguvugu, nikamwosha miguu kama kila siku. Siku ile sikuona kichekesho chake.

Jioni nilimpigia simu dada mmoja wa kwaya, nikitarajia anisifu. Hakunisifu.

"Weye! Mutu anageuka mungu siku ya posho, na weye unaenda kumuvuta?" alisema, kwani posho kwetu ni Jumamosi. "Hata kamba usiiguse."

"Kamba ni kamba," nikamwambia, nikakata simu. Sipendi mtu anifundishe uaminifu wakati nimeshajinyima.

Mwanawe alimbembeleza mama wiki nzima, mwishowe akakubali mkwewe amwoshe. Lakini alikubali kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai iliyopoa. Aliendelea kunisimulia mahekalu yake asubuhi, na mimi niliendelea kujisikia vibaya hadi mgongo ukaniuma.

Labda ndiyo sababu nilijitosa kutafuta wavutaji. Ukoo mzima hapa Stockholm ulikuwa mwanawe, mkwewe na mjukuu mmoja wa kike, pamoja na familia mbili za Kinewari kutoka Hässelby. Hao hawavuti gari, hao wanasukuma toroli. Nikagonga milango ya Fisksätra. Nikawapata akina mama wa Kongo, Warundi wawili, na mzee mmoja Mganda, Mwislamu, aliyeingia nchi hii kama mkimbizi na kuendesha basi mpaka akastaafu. Mzee huyo aliuliza swali moja tu: nani atakuwa mbele? Nikamwambia ni yeye.

Jumamosi ilifika na jua lake. Mwanawe alikuwa amekigeuza kiti cha magurudumu kuwa gari. Nyuma yake alisimamisha mnara wa fito za mianzi, akaufunga kwa kamba bila msumari hata mmoja, akauvisha matawi mabichi ya mti wa birch na yale maua ya zambarau yanayonukia mtaa mzima mwezi wa tano. Mjukuu alichora macho kwenye vipande vya boksi vya duara, akavibandika magurudumuni. Mama alitoka na sari nyekundu na mikufu yake yote. Kabla ya kukaa alilizunguka gari akijishikilia kwenye mkono wangu, akakagua mafundo, akamwamuru mwanawe ayafunge upya mawili. Nilimpenda zaidi dakika ile.

Mzee wa basi alishika mwanzo wa kamba, akatugeukia. "Nyinyi watu wa Kongo munaimba sana," alisema. "Leo nataka kuona kama munavuta."

Familia za Hässelby zilitufundisha wito wa kwao: mmoja anapaza "Hoste!" na wote wanaitikia "Hainse!" Tukavuta. Jengo la kwanza tulikuwa bado na aibu. La pili watu wakatoka kwenye roshani. La tatu mzee akachoka na wito wa kigeni, akapiga "Harambee!" nasi tukaitikia "Hainse!" na hakuna aliyeona kasoro. Wanawake walirusha bisi za mchele, njiwa wakatufuata nyuma. Binti yangu wa miaka kumi na minne alininong'oneza, "Mamma, alla tittar," yaani watu wote wanatutazama. Nikamwambia avute. Alivuta kwa kununa hadi dukani, na tulipogeuza kurudi yeye ndiye aliyekuwa anapaza sauti kuliko sisi sote. Furaha niliyoisikia siku ile ilikuwa ya kitoto kabisa, ya kutaka njia isiishe.

Karibu na kibanda cha baiskeli mnara ulinasa kwenye tawi la mti. Ukainama, ukalia, ukabaki umelala upande. Wanewari wote waliiachia kamba, na mimi niliyejua habari ya balaa nikaiachia pia. Mama akageuka taratibu, akautazama mnara wake uliopinda. Akaangua kicheko, akasema kitu kwa lugha yao.

"Anasema sasa ndiyo kama nyumbani," mkwewe akatutafsiria. Kelele tulizopiga zilimtoa nje hata yule jirani asiyesalimiaga.

Tukafika mlangoni. Mjukuu alishika simu juu, na ndani ya simu alikuwa binti wa Patan, amevaa nadhifu kama aliyekuja, macho yamemvimba. Mkwewe akapiga magoti na beseni la shaba. Mguu wa kulia ukaoshwa salama. Wa kushoto akaushika palepale kwenye kifundo, na nikamwona mama akiuma mdomo. Akaushika tena, palepale.

Damu ikanipanda. "Si hapo!" nilisema kwa Kiswahili, wote wakageuka. "Kisigino! Kwa chini!"

Mkwewe akajaribu, maji yakamwagika, mama akagumia. Nilishapiga magoti kabla sijafikiri. Nikauchukua ule mguu, kisigino kiganjani, nikajikuta kwa mkono wa pili napapasa mfuko wa gauni langu la sherehe natafuta glavu. Mkwewe aliona, akacheka, nami nikacheka, na mama juu yetu akacheka mpaka mikufu ikalia. Nikamwosha polepole, kidole kwa kidole, kama nilivyomwosha Ijumaa.

Sauti ikatoka kwenye simu. Mkwewe akasikiliza, kisha akaniambia, "Wifi yangu anaomba umwonyeshe unavyoushika."

Mjukuu akaisogeza simu. Nikaushusha mguu, nikauinua tena, nikageuza kiganja ili aone vidole vinakaa wapi. Kule Patan binti alikuwa ameinua kiganja chake mwenyewe, kitupu, anafuatisha. Akaomba tena. Nikarudia mara tatu, na watu wote pale mlangoni walingoja.

Miguu ilipokwisha kukaushwa, ilibaki kuinama. Mkwewe akainamisha paji la uso, akainuka, akanipisha. Macho yote yakawa kwangu. Nilimwona Mungu wangu mbinguni, nikaiona kwaya nzima safu kwa safu, na mbele yangu nikaiona ile miguu ninayoijua kuliko yangu. Shingo yangu ikaanza kushuka yenyewe.

Mkono wa mama ukanidaka chini ya kidevu. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Akanizuia pale, uso wangu juu, akatafuta maneno yake matatu ya Kiswidi.

"Mungu wako," alisema. "Asikasirike."

Alikuwa amekuwa mungu kwa dakika tano, na jambo la kwanza alilolifanya ni kunizuia nisimwinamie. Nililia mbele ya Fisksätra nzima, mkono wake bado uko kidevuni pangu, na sikuona haya hata kidogo.