Kiatu Kilichoitwa Kanisani

Walionikosea ni wawili, na sijasahau hata mmoja. Wa kwanza ni msimamizi wa kiwanda kule Athi River, aliyetuambia tusafishe mashine ikizunguka. Ilinishika mguu, nikarudi kwetu Kola mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Wa pili ni karani wa kanisa letu.

Siku hizo, miaka ya elfu mbili ikianza, sote tulitumia sanduku la posta la kanisa. Jumapili baada ya ibada, karani alisimama mlangoni akaita majina. "Niko!" mtu anajibu, na watu wanamtania, "Fungua hapa hapa, tusome wote!" Nilipenda sana kuitwa. Kijiji kizima kinajua kuna mtu mahali anakukumbuka.

Kaka yangu aliyekuwa ng'ambo alininunulia kiatu kwa kompyuta, kiatu cha soli nene, akakituma kwa sanduku hilo. Akapiga simu kwa jirani, nikaitwa. "Kinakuja. Utapanda kile kilima kama zamani."

Kanisa liko juu ya kilima. Tangu ajali sikuwa nimefika.

Karatasi ya posta ya kuchukulia mzigo ikaja. Karani akaita jina langu. Sikuwepo. Jirani yangu akanyoosha mkono: "Nipe nimpelekee."

"Hapana, mwaitu," karani akamwambia mama huyo. " Hii si barua, ni mzigo wa nje. Mwenyewe aje."

Akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Jirani akadhani karani ataniletea. Karani akadhani jirani ataniambia. Mimi nikakaa mlangoni kwangu, nikidhani ng'ambo ni mbali. Nilipotuma mtu kuuliza, posta ilikuwa imesharudisha kiatu kilikotoka. Kaka alikasirika, hakutuma kingine.

Juzi binti yangu aliniagizia kingine kama kile kwa simu. Mtu wa boda akakileta mpaka kwa geti. "Mzee, mzigo wako." Akaondoka kabla sijafunga kamba. Hakuna aliyesikia jina langu likiitwa.

Jumapili nikapanda. Nilipumzika mara tatu, lakini nikapanda. Karani, sasa mvi tupu, alikuwa pale pale mlangoni.

"Aa! Leo umefika?"

"Niko," nikamwambia. "Mwenyewe nimekuja. Lete karatasi yangu."

Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono.