Mfupa Uliobebwa na Watu Wanne

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule, hapa Lindi mjini, kashika dinosaria wa plastisini ya kijani, ule udongo laini wa dukani. "Mama, hawa waliishi huku kwetu, mwalimu kasema." Nikamwambia najua, kwani baba wa bibi yangu aliibeba mifupa yao. Akacheka, akadhani namtania. Basi nikakumbuka mambo ya darasa la tano.

Kijiji chetu kiko bara, mbali na bahari. Watu walilima korosho na mihogo, na bibi yangu alikuwa na hadithi moja ambayo kila mtu alishaichoka: kwamba zamani za Wajerumani baba yake aliajiriwa kubeba mifupa iliyogeuka mawe, kutoka porini hadi bandari ya Lindi. Wenzangu walinizomea, "Kitukuu wa mbeba mawe!" Nami nikaona bibi ndiye aliyeniletea balaa hilo.

Mwaka huo tukapata mwalimu mpya wa sayansi. Wewe uliyesoma shule za kijijini unajua: alikuwa na chaki na mdomo wake tu. Somo la mifupa alitufundisha kwa udongo wa mfinyanzi tuliouchota mtoni kwa ndoo, ule wa kijivu unaonuka mvua. Tulifinyanga mbuzi, kisha dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale. Mbuzi alisimama. Mjusi, kila tulipomwinua, miguu ilipinda, tumbo likakaa chini.

"Udongo bado mbichi, mwalimu," tulisema.

Tukamwanika mwingine kwa kumlaza. Alipokauka tukamsimamisha, miguu ikakatika. Mwalimu akauliza nani anajua mifupa ile ilikuwa na ukubwa gani. Nikainamisha kichwa. Jirani yangu wa dawati akanyoosha kidole: "Bibi yake huyu anajua."

Nikatumwa nimwalike. Nilifika nyumbani nikanyamaza, na kesho yake nikamwambia mwalimu kwamba bibi anaumwa. Jioni mwalimu akaja kumjulia hali, akamkuta uani anatwanga makopa ya muhogo, jasho linamtoka.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa hujiwezi."

"Marahaba. Nani kasema?"

Wote wawili wakanitazama. Mwalimu hakunichapa. Alimweleza bibi kilichomleta, naye akaweka mchi chini, akauliza mara mbili kama kweli anayetakiwa shuleni ni yeye, asiyejua hata a.

Alikuja kavaa kanga zake za Idi. Alisimulia akichanganya Kiswahili na Kimwera. Mifupa mingi ilibebwa kichwani, alisema, lakini mmoja wa mguu ulifungwa kwenye mti wakaubeba watu wanne, wakipokezana na wengine wanne. Akachukua udongo, akaufinyanga mfupa huo kama baba yake alivyomchorea mchangani: mnene, umenyooka kama nguzo.

"Nani kamwona tembo?" mwalimu akauliza. "Miguu yake ikoje?"

Mwalimu akatufinyangia kipande cha mchemraba, kisha akapanga vinane vya namna hiyo kutengeneza kimoja kikubwa, urefu mara mbili kila upande. Uzito mara nane, lakini vilivyokaa chini vinne tu! Miguu tuliyompa mjusi, myembamba kama ya mbuzi, isingeweza kumbeba. Tukafinyanga upya, miguu kama magogo, na mjusi akasimama. Alikaa dirishani mpaka masika, paa lilipovuja akarudi kuwa tope.

Siku ile, njiani kurudi nyumbani, bibi alisema bila hasira, "Ungeniambia tu kwamba unanionea aibu."

Nikamwuliza baba yake na wenzake walikuwa wanalala wapi njiani. Akaanza kuzitaja kambi, moja baada ya nyingine, na wapi palikuwa na maji, wapi simba walisumbua, mpaka tukafika mlangoni.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Pale tulipochota udongo sasa pamelimwa mpunga, na ile mifupa iko Ulaya. Wiki hii nimejaribu kuyaandika yale majina ya kambi. Nimekumbuka mawili tu.