Kwanza Kinyume

Msimamizi alimsingizia mwanamke mmoja wa meza ya kufunga feni, mbele ya karakana nzima, kwamba ana mikono mizito, kwamba ndiye anayeng'oa meno ya skrubu kwenye maganda ya plastiki ya feni, akamtoa mezani na kumpa fagio. Alifagia, na kila alipopita mezani macho yake yalitua kwenye vidole vya wenzake. Maganda yakifunguliwa kukaguliwa, yakifungwa tena skrubu bado zilizunguka bure bila kushika, ingawa yeye hakuwapo tena mezani.

"Shoga," mwenzake akamtania, "hiyo mikono mizito umeniazima mimi?"

Akaliegemeza fagio ukutani, akachukua bisibisi. Yeye huanza kwa kuizungusha skrubu kinyume, polepole, sikio kaliinamisha, mpaka isikike "tk" ndogo: imerudi kwenye njia yake ya zamani. Ndipo huikaza, kwa vidole viwili tu.

"Ukiilazimisha, dada, inajichimbia njia mpya na ile ya kwanza inasagika."

Ganda likashika. La pili likashika, hata la ishirini. Leo meza nzima inaanza kinyume, naye amekaa katikati yao. Msimamizi alimrudishia kiti kwa kumnong'oneza mlangoni. Lakini kumsingizia alimsingizia kwa kelele, na kuomba radhi bado anadaiwa, kwa sauti ileile, mbele ya watu walewale.